TUNUNUE DARUBINI GANI?

Mpenzi msomaji, kama ulikuwa uwanjani usiku ule wa mwezi wa Septemba mwaka wa 2025, huna haja ya kusimuliwa. Kama hukuwepo, wacha nikueleze kwa ufupi, manake makala haya yote yamezaliwa pale.

Chama chetu cha Sayansi kilikuwa kimechanga pesa tangu muhula wa kwanza, shilingi hamsini hamsini. Tuliuza mandazi siku ya wazazi, tukaosha magari ya walimu siku za Jumamosi. Tulipofikisha elfu tisa na ushei, mwalimu mlezi, mwenzangu mmoja na mimi tuliteremka mjini kununua darubini. Dukani kulikuwa na aina mbili tu. Boksi la kwanza lilikuwa na picha ya sayari ya Zohali imepakwa rangi za kumeremeta, na chini yake namba kubwa nyekundu: mara 525! Boksi la pili halikuwa na mbwembwe. Lilikuwa limeandikwa mara 35 na mara 70, basi, na bei zao zilikaribiana. Sasa niambie, ni nani angeacha 525 akachukua 70? Muuzaji naye akatutia ndimu: "Wasichana, chukueni hii, mtaona mpaka bendera ya Wamarekani kule mwezini." Tukachukua.

(Kabla sijaendelea, wapenzi wa Kiswahili msinishike shati. Vitabu havikubaliani kuhusu majina ya sayari. Wapo wanaosema Zohali, wapo wanaosema Zohari au Sarateni, na wapo wanaompa Uranus jina hilo hilo la Zohali. Hiyo ni kazi ya chama chenu. Mimi nikisema Zohali nina maana ya ile yenye pete.)

Habari ilienea kama moto wa nyika. Baada ya masomo ya jioni karibu shule nzima ilipanga foleni uwanjani, na mwalimu wa zamu akatuongezea nusu saa kabla ya taa kuzimwa. Wa kwanza kutazama alisema anaona ukungu. Wa pili aliona kope zake mwenyewe. Wa tatu alipogusa tu, mwezi ukatoroka, tukautafuta kwa dakika kumi nzima. Kufika mtu wa kumi na tano foleni ilikuwa imeyeyuka, na vicheko vilisikika toka mabwenini. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye alitoa hamsini yake mara mbili kwa sababu nilimwahidi ataona pete za Zohali, alisimama mpaka mwisho. Alitazama, akanyamaza, kisha akaniambia kwa adabu, "Asante, dada," akaenda zake kulala. Afadhali angenitukana.

Mwaka huu chama kina shilingi elfu thelathini na mbili, nyingi zikiwa zimetoka kwa wazazi. Na juzi nilimsikia mtu kwenye laini ya chakula akisema, "Safari hii tutafute ya 675." Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hebu tuanze na swali dogo. Kazi ya darubini ni nini? Wengi tutasema ni kukuza vitu. Sivyo hasa. Kazi yake ya kwanza ni kukusanya mwangaza. Mvua inaponyesha, weka nje kikombe na karai. Matone ni yale yale, mawingu ni yale yale, lakini karai litajaa maji mengi zaidi kwa sababu mdomo wake ni mpana. Mwangaza wa nyota nao hunyesha hivyo hivyo. Jicho lako gizani hufungua tundu la mboni lenye upana wa kama milimita 7. Hicho ndicho kikombe chako. Darubini yenye lenzi ya kipenyo cha milimita 70 ina upana mara kumi ya huo, na kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo (waliosinzia katika hesabu waamke), inakusanya mwangaza mara 100 kuliko jicho lako. Ya milimita 130 inakusanya karibu mara 345.

Kwa hivyo namba ya kutafuta kwenye boksi ni hiyo ya kipenyo. Mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, utadhani wanaionea haya. Ile yetu ilikuwa na kipenyo cha milimita 60. Ukilinganisha na ya milimita 114, hiyo ya pili inakusanya mwangaza zaidi ya mara tatu na nusu. Tofauti hiyo si ya kusukumwa na upepo. Isitoshe, kipenyo kikubwa hutenganisha vitu vilivyokaribiana: nyota mbili zilizoonekana moja huonekana mbili, na mikanda ya mawingu ya Mshtarii hujitokeza.

Sasa hiyo 525 ilitoka wapi? Hapa ndipo nilipojiona mjinga, kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Kila darubini ina urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi kubwa mpaka pale mwangaza unapokutana. Yetu ni milimita 700. Halafu kuna lenzi ndogo za kuwekea jicho, ambazo nazo zina urefu wao wa fokasi. Ukitaka kujua darubini inakuza mara ngapi, gawanya urefu wa kwanza kwa urefu wa pili. Lenzi ya jicho ya milimita 20 inakupa 700 kwa 20, yaani mara 35. Ile ndogo kabisa ya milimita 4 inakupa mara 175. Kisha ndani ya boksi waliweka lenzi ya tatu ya kuzidishia, ambayo huongeza mara tatu. 175 mara 3 ni ngapi? Haya basi. Hata hiyo 675 mnayoitamani ni hesabu ile ile: tyubu ya milimita 900, lenzi ya milimita 4, mara tatu.

Kwa hivyo muuzaji hakudanganya katika hesabu. Alidanganya katika maana. Mwangaza uliokusanywa na lenzi ya milimita 60 ni kiasi kile kile, hata ukiukuza mara 35 au mara 525. Unachofanya ni kuutandaza tu. Sote tunajua chai ya bweni, ambapo maziwa ni yale yale na maji yanaongezwa kadiri wanafunzi wanavyoongezeka. Ukikuza kupita kiasi, unapata picha kubwa kama chai hiyo: nyingi, na haina ladha. Wanaojua mambo haya husema kiwango cha mwisho chenye faida ni takriban mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo. Milimita 60 basi mwisho wake ni mara 120, na hapo ni usiku hewa ikiwa imetulia. Ya milimita 114 inafika kama 228. Hewa yenyewe ikitikisika, kama inavyotikisika juu ya lami mchana wa jua kali, hata darubini ya bei ya gari itakuonyesha uji.

Na ile bendera ya mwezini? Mwezi uko kilomita kama 384,000 kutoka hapa. Hata darubini ya Hubble iliyo angani, yenye kioo cha mita 2.4, haiwezi kuionyesha bendera hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna boksi linalolitaja, nalo ndilo lililotuua usiku ule. Dunia inazunguka. Anga lote linatupita juu kwa nyuzi 15 kila saa. Mwezi una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo kila dakika mbili umesogea upana wake mzima. Darubini ikikuza mara 35 unaona kipande kikubwa cha anga na mwezi unapita taratibu, watu wawili watatu wanatazama kabla hujasogeza. Ikikuza mara 525 unaona kijishimo kidogo sana cha anga, na kitu chochote kinakipita kwa sekunde zipatazo ishirini. Mtu anainama, anafunga jicho moja, anafungua jicho jingine, kitu kimeshaenda. Halafu anaushika mguu wa darubini, na mtikisiko huo nao umekuzwa mara 525! Sisi tulilaumu mwezi.

Ndiyo maana nasema miguu ya darubini ni nusu ya darubini. Dukani fanya hivi: igonge tyubu kwa kidole huku ukitazama kitu cha mbali kupitia ndani yake. Hesabu moja, mbili, tatu. Ikitulia kabla ya tatu ni sawa. Ikiendelea kucheza kama mti wa mpapai kwenye upepo, rudisha boksi, hata kama lenzi ni ya dhahabu. Miguu yetu ilikuwa ya bati jembamba, mtu akipiga chafya hatua tatu nyuma inasikia.

Na hapa tuwe macho, sisi watu wa ikweta. Kuna stendi moja ya kupendeza macho, ina vyuma vilivyopinda, mizani ya nyuzi na uzani wa kusawazisha unaoning'inia upande. Ukiiona utadhani ni ya wanaanga. Ilibuniwa ili mhimili wake mmoja uelekezwe kwenye ncha ya anga, halafu uwe unazungusha skrubu moja tu kufuata nyota. Kwa mtu wa London mhimili huo huinama kwa nyuzi 51, na kaskazini huko wana nyota ya kuwaongoza. Lakini ikweta inapita hapa kwetu, Nanyuki na Maseno. Nairobi yenyewe iko nyuzi moja na kidogo tu kusini. Hapa mhimili huo unatakiwa kulala karibu sawa na ardhi! Stendi nyingi za bei ya chini haziwezi kuinama kiasi hicho, na zikiweza, ule uzani unagonga miguu. Nayo Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini kabisa kwenye upeo, nyuma ya vilima na moshi. Ukilipia stendi ya namna hiyo, umelipia shida. Chagua ile ya kawaida inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, kama shingo ya mtu.

Lakini msije mkadhani ikweta imetuonea. Mtu wa London hawezi kuuona Msalaba wa Kusini asipopanda ndege. Sisi tunauona, na usiku mmoja huo huo wa mwezi wa Mei, tukigeukia kaskazini, tunaona na Dubu Mkubwa. Ni wachache duniani wenye anga pana namna hii, na stima ikipotea wilaya nzima, kama ilivyo desturi yake, giza letu halina mpinzani.

Turudi dukani. Darubini zenyewe ni za namna mbili kubwa. Kuna za lenzi, kama ile aliyoitumia Galileo mwezi wa Januari mwaka wa 1610 kuona miezi minne ya Mshtarii. Yake ilikuza kama mara 20 tu, mkumbuke hilo mnapotamani 675. Na kuna za kioo, ambazo Newton alitengeneza ya kwanza iliyofanya kazi mwaka wa 1668. Badala ya lenzi mbele, kuna kioo kilichobonyea chini ya tyubu, na kioo kidogo kinachotoa mwangaza pembeni, kwa hivyo unachungulia ubavuni. Za lenzi hazitaki matunzo mengi, ila zile za bei nafuu huzungushia vitu ving'avu ukingo wa zambarau. Za kioo hukupa kipenyo kikubwa zaidi kwa pesa zile zile, kwa sababu kioo husuguliwa upande mmoja tu. Matunzo yake yapo: vioo hurekebishwa mara kwa mara viangaliane, na wala usikifute kwa kitambaa au kwa sketi. Kioo cha bafuni kimepakwa nyuma, lakini cha darubini kimepakwa mbele, ukikisugua unaondoa kazi yote.

Aliyenifurahisha kuliko wote katika kusoma kwangu ni John Dobson. Alizaliwa Beijing mwaka wa 1915 akaishi San Francisco akiwa mtawa. Hakuwa na pesa. Alisugua vioo vyake kutokana na vioo vya madirisha ya meli, akatumia mabomba ya karatasi ngumu yanayotumika kumwagia zege, na stendi akatengeneza kwa plaiwudi: kisanduku kinachozunguka juu ya ubao, hakina skrubu za mapambo, hakitikisiki. Mwaka wa 1968 yeye na wenzake walianza kuweka darubini kando ya barabara na kumwita kila mpita njia atazame bure. Alifariki mwaka wa 2014, na stendi ya namna yake leo inauzwa duniani kote kwa jina lake. Siku hizi kuna ndogo za kuweka juu ya meza, zenye kioo cha milimita 114 au 130. Hiyo ndiyo ninayoipigia kura. Pesa yote imekwenda kwenye kioo, si kwenye vyuma. Na meza tunazo, tena nzito, zile za jikoni za kukatia sukuma wiki.

Msiogope kwamba haina miguu mirefu. Kwani lile tatizo letu lilikuwa nini kama si miguu?

Ila kuna mtego mmoja upande wa vioo. Ukiona darubini ya kuchungulia ubavuni, tyubu yake ni fupi, kama nusu mita, lakini imeandikwa fokasi ya milimita 1000, jiulize hiyo nusu nyingine iko wapi. Wameficha lenzi ndani ya shingo ya kuwekea jicho ili kurefusha, na katika zile za bei ya chini lenzi hiyo huharibu picha na kufanya vioo viwe vigumu kurekebisha. Tena mara nyingi hukaa juu ya stendi ile ya mhimili niliyoitaja. Mitego miwili kwa bei ya mmoja.

Uliza pia upana wa shingo ya lenzi za jicho. Ya kawaida duniani ni inchi moja na robo. Zile za mchezo, kama yetu, ni chini ya inchi moja, na ukitaka kununua lenzi nzuri baadaye huipati ya kuingia humo. Uliza kama bei unayotajiwa ni pamoja na usafiri na ushuru, hasa kama inaagizwa kutoka nje. Na ukikuta ndani ya boksi kijikioo cheusi cha kuweka kwenye lenzi ya jicho ili kutazama jua, kitupe jalalani siku hiyo hiyo. Jua likikusanywa na lenzi kubwa linaweza kukipasua kijikioo hicho kwa joto, na jicho lako liko nyuma yake. Hakuna jicho la pili la kununua. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Misri na Saudi Arabia watapata giza kamili mchana, nasi Kenya tutaona sehemu tu ya jua imefunikwa, na najua kuna atakayeshawishika kuchukua darubini. Chujio salama hufunika mdomo mzima wa mbele wa darubini na limetengenezwa kwa kazi hiyo. Lisipokuwepo, darubini ibaki kabatini.

Na kama pesa haifiki? Nazungumza sasa na wewe unayetaka yako mwenyewe ya nyumbani, una elfu tatu au tano ulizoweka tangu likizo. Ndugu yangu, usinunue darubini ya miguu mitatu kabisa. Tafuta darubini ya macho mawili, zile askari wa wanyamapori huvaa shingoni, hata ya mitumba ilimradi lenzi hazina ukungu wala kuvu ndani, na ukitazama huoni vitu viwili viwili. Itakuwa imeandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni kukuza, ya pili ni kipenyo cha milimita. Mara kumi inatosha mno. Lala chali kwenye nyasi, au egemeza viwiko ukutani, utaona mashimo ya mwezi, utaona Mshtarii na vijinukta vyake pembeni. Tazama Kilimia. Hilo ni kundi la nyota ambalo mababu walilitumia kujua majira ya kulima, na jina limebaki na jembe lake. Kwa macho matupu utahesabu sita au saba. Kwa hiyo ya macho mawili utaacha kuhesabu. Kisha shuka kwenye upanga wa Orion, utaona pamba nyepesi ya mwangaza: hapo ndipo nyota zinapozaliwa.

Hata asiye na elfu moja asikate tamaa. Lenzi ya miwani ya kusomea iliyoandikwa +1.00 ina fokasi ya mita moja. Ile lenzi ya fundi wa saa, ya kukuza mara kumi, ina fokasi ya kama milimita 25. Gawanya mwenyewe: mara 40. Omba kwa muuza vitambaa lile bomba la karatasi linalobaki jora likiisha, weka lenzi ya miwani mbele na ya fundi nyuma, umbali kati yao ni mita moja na sentimita mbili na nusu hivi, uweze kusogeza kidogo. Mbele uifunike lenzi kwa karatasi nyeusi yenye tundu la sentimita mbili na nusu katikati, bila hivyo picha itakuwa na rangi kama upinde wa mvua. Itakuonyesha vitu vichwa chini. Huko juu hakuna chini, kwa hivyo si neno. Tuliitengeneza karakanani likizo ya Desemba na mashimo ya mwezi yanaonekana waziwazi, kweli kabisa.

Jambo moja zaidi ili tusije tukalaumiana tena. Hata tukipata ya milimita 130, msitarajie zile rangi za kwenye boksi. Picha zile hupigwa kwa kamera iliyoachwa wazi kwa muda mrefu, au na vyombo vinavyoona miale ambayo jicho halioni kamwe. Mojawapo ya vyombo hivyo ilitoka hapa kwetu: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei ya angani tu, na ilipewa jina hilo kwa sababu ya sikukuu yetu. Sisi tutaona mawingu ya nyota kama moshi wa kijivu. Lakini ni moshi wenyewe, si picha yake.

Na Zohali? Hapo sitajitetea sana, ila usiku ule tulikuwa na bahati mbaya pia. Mwaka wa 2025 pete zilikuwa zimetuelekezea ukingo wake, nyembamba kama wembe. Hata darubini nzuri ilizitafuta. Sasa zinaendelea kufunguka mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 2030 zitakuwa wazi kabisa.

Mtauliza, ile darubini ya 525 ilienda wapi? Ilikaa kabatini mwa maabara mpaka muhula wa kwanza mwaka huu, nilipoiomba kwa mwalimu. Ile lenzi ya kuzidishia na ile ya milimita 4 nilizifungia kwenye bahasha. Nikabakiza ya milimita 20 peke yake, mara 35, ile namba tuliyoidharau dukani. Miguu sikuirefusha hata kidogo, nikaning'iniza mfuko wa mawe katikati yake. Mchana nilikuwa nimelenga mnara wa simu ulio ng'ambo ya bonde, nikairekebisha ile darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya tyubu mpaka zote mbili zikaangalia ncha ile ile ya mnara. Hilo nalo hatukulijua mwanzo, ndiyo maana mwezi ulitupotea.

Usiku nikamwita yule msichana, sasa yuko Kidato cha Tatu. Alikuja shingo upande. Nikaielekeza kwenye Mshtarii, nikamwambia akae kwenye benchi na asiguse kitu. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Dada," akasema, "hivi vinukta vitatu vilivyo kwenye mstari ni nyota?"

Nikamwambia ni miezi, ile ile ya Galileo, na wa nne huenda uko nyuma ya sayari au mbele yake. Akaniuliza kama huwa inatembea. Badala ya kumjibu nilimpa daftari na kalamu ya risasi, nikamwambia achore duara na vinukta mahali alipoviona, na aje tena kesho. Ule wa karibu kabisa, Io, humaliza mzunguko kwa saa 42 hivi. Ule wa mbali, Callisto, huchukua karibu siku 17. Amekwisha chora kurasa kumi na moja, ukiondoa siku za mawingu. Daftari liko maabara, kwenye rafu ya juu, mtu yeyote anaweza kulitazama kabla ya kupiga kura.